Dakika Moja ya Kuhesabu Pumzi

Maneno haya niliyasema Dodoma mjini, mbele ya waajiriwa wapya wa kada za afya waliokuwa wakisubiri kupangiwa vituo. Nimeyaandika karibu na yalivyotoka mdomoni, nikapunguza kukohoa na vicheko.

Mheshimiwa mgeni rasmi, waganga wakuu na waratibu mliopo, wauguzi wenzangu, na nyinyi wanangu mliokimbilia viti vya nyuma kana kwamba huku mbele kunachomwa sindano. Mbukwenyi!

Hamjaitikia vizuri. Mtafika Bahi, mtafika Chamwino au Mpwapwa, bibi atawasalimu hivyo kwa Kigogo asubuhi kwenye foleni, nanyi mkibaki kumkodolea macho atajua mgeni kaja na atawaficha nusu ya ugonjwa wake. Mbukwenyi! Haya, sasa nimesikia watu.

Nimepewa mada kwenye karatasi: mambo yanayoathiri utendaji kazi wa mtumishi wa afya. Mada hii naifahamu. Tangu nianze kazi mwaka 1987 mpaka nastaafu, nimeikalia kwenye semina nyingi kuliko nywele zilizobaki kichwani. Kila mara mwezeshaji anasimama na kalamu, tunamtajia, anaandika kwenye bango kitita: mshahara, nyumba, vifaa, mafunzo, usafiri, kupanda daraja. Tunakunywa chai, tunasaini posho, tunaondoka. Bango linabaki ukutani mpaka gundi ikauke. Yote yaliyoandikwa pale ni kweli, lakini yakishapangwa hivyo kama bidhaa dukani huwezi kujua lipi linafanya nini. Kwa hiyo leo sitapanga. Nitasema habari ya kitu kimoja kidogo: dakika moja ya kuhesabu pumzi za mtoto.

Mnaijua hiyo dakika, mmetoka nayo chuoni juzi. Mtoto kaletwa na kikohozi. Unamwomba mama amtulize, amfunue kifua, wewe unahesabu kifua kinavyopanda kwa dakika nzima. Mtoto wa kuanzia miezi 2 ambaye hajafika mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Wa mwaka 1 mpaka 5, ni 40 au zaidi. Hapo unajua kama unaongea na mafua au na nimonia. Haitaki umeme wala maabara. Inataka saa yenye mshale wa sekunde, na mtu aliyetulia.

Mimi nilifundishwa hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye mafunzo ya siku 11 ya kuhudumia watoto wagonjwa. Nilifanya vizuri, hata mkufunzi alinitolea mfano. Nikarudi kwenye zahanati yangu, ambayo sitaitaja, ikiwa na mbuyu mbele na korongo nyuma. Wiki ya kwanza nilihesabu kila mtoto. Wiki ya pili nikaanza kuhesabu nusu dakika nikizidisha mara mbili. Mwezi wa tatu nilikuwa natupa jicho tu kifuani na kuandika 38 kwenye daftari la mgonjwa.

Wanangu, ile 38 niliitoa kichwani. Ni namba nzuri, iko chini ya 40, haina maswali. Mkifukua madaftari ya kipindi kile mtakuta kijiji kizima cha watoto wanaopumua 38.

Mmoja wao alirudishwa baada ya siku mbili, mbavu zinaingia ndani, mdomo umepauka. Nikahesabu safari hii, kwa dakika nzima, mkono unatetemeka: 64. Lilipita lori la mahindi, tukampandisha yeye na mama yake mbele kwa dereva hadi hospitali ya misheni. Alipona. Nawaambia mapema kwamba alipona ili mpumue, maana nawaona. Ila aliyemponya si mimi.

Sasa niambieni, nilikosa nini? Ujuzi? Ningeamshwa saa nane za usiku ningeutaja ule mwongozo ukurasa kwa ukurasa. Na jambo hili si la kwangu peke yangu. Watafiti wawili, Kenneth Leonard wa Chuo Kikuu cha Maryland kule Marekani, na Melkiory Masatu, daktari wetu Mtanzania, walilifuatilia mkoani Arusha kwa miaka kadhaa. Waliwapima matabibu kwa mgonjwa wa kuigiza, waone wanajua nini. Kisha wakakaa nao chumbani na wagonjwa wa kweli, waone wanafanya nini. Kati ya kujua na kufanya pakawa na bonde. Tabibu aliyeuliza maswali yote kwa mgonjwa wa kuigiza, kwa mgonjwa wa kweli aliuliza machache akaandika dawa.

Walikuta na lingine, na hili ndilo lililoninyima usingizi nilipolisikia. Mtafiti alipoingia tu chumbani na kukaa kwenye kona, kazi ya tabibu ilipanda palepale. Hajaongezewa mshahara, hajaletewa kipimo, kaongezewa mtu kwenye kona. Halafu, kufikia mgonjwa wa kumi au wa kumi na tano, ilikuwa imerudi ilipokuwa. Mnacheka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hakufika hata jioni, walishamzoea.

Kwa hiyo ujuzi upo, na uwezo wa kuutumia upo, kwa sababu ulionekana asubuhi ile. Kinachopungua ni kitu kingine. Nikawa natembea na swali hilo, na kila sababu iliyowahi kuandikwa kwenye bango kitita naipitisha kwenye ile dakika yangu moja.

Tuanze na wingi wa wagonjwa, maana ndio utetezi wetu wa kwanza. Ni utetezi wa haki. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitaja nchi 57 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na Tanzania tulikuwamo. Kipimo chao kilikuwa madaktari, wauguzi na wakunga 2.28 kwa kila watu 1,000. Ikama ya mwaka 2014, yaani mwongozo wa idadi ya watumishi wanaotakiwa, ilisema zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Nani hapa amefanya kazi zahanati yenye watu 15? Wala msinyooshe mikono, najua. Kwetu tulikuwa wawili, mimi na mhudumu wa afya, yeye akifagia, akipima uzito watoto kwenye mizani iliyoning'inizwa kwenye tawi la mbuyu, na akinishikia taa usiku mama anapojifungua. Na mnakumbuka Aprili 2017, orodha ya watumishi 9,932 waliokutwa na vyeti vya kughushi ilipokabidhiwa kwa Rais pale Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM. Sitetei cheti cha kughushi. Lakini kuna vituo asubuhi ya pili yake mlango ulifunguliwa na mlinzi.

Pamoja na hayo, lazima niwe mkweli. Siku ya kliniki, watoto wenye kikohozi 25 ni dakika 25. Sawa, siku hiyo zilikuwa ngumu kupatikana. Je, Ijumaa? Ijumaa mpaka adhuhuri nilikuwa na wagonjwa sita, najipepea na kadi ya kliniki. Siku hizo pia niliandika 38. Kumbe foleni ilinifundisha kuruka dakika, lakini foleni ilipokwisha sikuirudia.

Mshahara. Hapa najua mkono wa mgeni rasmi umeshika kalamu. Nilipoanza kazi, mshahara tuliufuata wilayani, baadaye benki. Unapanda gari alfajiri, unafika mtandao haupo au fedha haijaingia, unalala kwa shangazi, unanunua sabuni na mafuta ya taa, siku ya tatu unarudi. Siku zote tatu zahanati ina kufuli, na mama mwenye uchungu hajui kwamba ni mwisho wa mwezi. Leo mshahara unauona kwenye simu, na hilo limeokoa watu wengi kuliko linavyosifiwa.

Malimbikizo ni habari nyingine. Nilidai ya kupanda daraja kwa miaka minne. Kila nikifika naambiwa faili liko mezani, sijawahi kuiona hiyo meza. Kilichoniuma zaidi ya fedha yenyewe ni kwamba tuliolala na tuliokesha tulipanda pamoja, au tulikwama pamoja. Ile fomu ya OPRAS, ya kupima utendaji wetu, tuliijaza Juni, kwa jioni moja, malengo na matokeo kwa kalamu ileile. Nyinyi sasa mnajaza kwenye kompyuta, mfumo wa PEPMIS. Ombi langu ni kwamba anayeidhinisha huko juu awe amewahi kuwaona mkifanya kazi.

Lakini malimbikizo yalipolipwa, mwezi ule nilihesabu pumzi? Sikuhesabu. Niliezeka nyumba ya mama. Mshahara unakuleta kituoni na kukubakiza kijijini badala ya kukimbilia maduka ya dawa ya mjini, na mtumishi ambaye hayupo hahesabu chochote, kwa hiyo msije mkanukuu kwamba nimesema fedha si kitu. Nasema fedha inaishia mlangoni mwa chumba cha kuonea wagonjwa.

Kuna waliojaribu kuipitisha mlango huo. Mwaka 2011 mkoa wa Pwani ulianza majaribio ya malipo kwa matokeo, kituo kikifikia lengo watumishi wanagawana bahasha. Akina mama wanaojifungulia kituoni waliongezeka, na hilo ni jambo zuri sana. Wasiwasi wangu ni wa mkunga mzee: kinacholipiwa ni kile kinachoonekana kwenye kitabu cha MTUHA, kile cha takwimu za kituo. Kitabuni 38 ya kweli na 38 ya uongo zinafanana.

Nyumba na uhamisho sitachelewa. Serikali ilipohamia hapa, Dodoma ikawa jiji mwaka 2018, kila mwenye mume au mke Ilazo, hapa mjini, akataka kumfuata. Simlaumu mtu. Nyumba yangu ya mtumishi ilikuwa na popo darini na maji ya chumvi kisimani, chai yake ukiinywa unadhani umetiwa mchuzi. Mtu anayewaza namna ya kuondoka huwa ameshaondoka nusu, mwili tu ndio unasaini daftari la mahudhurio.

Vifaa vina kisa chake. Ile saa ya kuhesabia pumzi tuliyopewa mafunzoni ilikata betri. Betri! Niliandika wilayani, barua ikapokelewa. Fedha ya uchangiaji tuliyokusanya kituoni ilikuwa kwenye akaunti ya huko, na kuitoa kulihitaji sahihi za watu ambao hawajawahi kukutana chumba kimoja. Ndiyo maana nilifurahi kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, fedha zilipoanza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, kamati ya zahanati inakaa chini ya mti, inaamua, inanunua. Ukimpa mtumishi kazi ukamnyima betri, umempa pia sababu, na sababu ni tamu. Mimi niliilamba ile yangu miezi mingi.

Sasa nifike nilikokuwa naelekea.

Zahanati yetu ilikuwa inakaguliwa. Gari jeupe linaonekana mbali kwa vumbi, mhudumu anakimbilia ndoo. Wanashuka wanne. Kitabu cha wageni kiko wapi? Wanasaini. Choo mmemaliza kuchimba? Jokofu la chanjo linasoma ngapi? Vitabu vya MTUHA vimejazwa? Mmoja anapiga picha kichomeo taka. Kisha mkubwa wao anasema, "Endeleeni hivyohivyo," gari linageuza, kuku wanatawanyika. Nina hakika hapakuwa na ubaya moyoni mwao, walikuwa na vituo vingine vinne siku ile na dereva anataka kurudi kabla ya giza. Ila wamenikagua choo, jokofu na vitabu. Mimi hawakunikagua. Tena wameniagiza niendelee hivyohivyo.

Siku moja akaja mratibu mpya, mama wa makamo. Gari aliliacha kule kwenye mbuyu. Akajifunga kanga, akaja kukaa kwenye benchi la wagonjwa katikati ya wanawake, nami sina habari. Alikaa kama saa nzima. Alisikia wanavyonisema, naye baadaye aliniambia yote, mazuri na ya nesi mkali. Halafu akaingia, akajitambulisha, akavuta kigoda akakaa pembeni ya meza yangu, akasema, "Endelea, mwanangu, mimi nimekuja kukaa."

Mtoto wa kwanza nilimfanyia kama mtihani wa chuo. Wa pili pia. Kwenye wa tatu nikatafuta ile saa droo zote, kwa kuigiza, nikijua imekufa. Akaniuliza, "Imekata lini?" Nikasema tangu kiangazi. Hakuniuliza kwa nini sikuandika barua. Hakuniuliza zile 38 nimezipata wapi, na daftari lilikuwa wazi mbele yake. Alivua saa yake ya mkononi, ya kike, mkanda umeshonwa na uzi mweusi, akaiweka mezani. "Nitaifuata mwezi ujao."

Tukahesabu pamoja watoto wote wa asubuhi ile, mimi kwa sauti, yeye kimya. Mmoja tulitofautiana: mimi 44, yeye 51. Tukarudia. Alikuwa sahihi, mtoto alikuwa akinyonya mara ya kwanza nilipohesabu na mimi sikumsubiri atulie. Kwa miaka yote ya kazi, hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu anayeijua kazi yangu kutazama mikono yangu.

Mwezi ule nilihesabu kila mtoto. Msidhani ni woga, asingejua. Ilikuwa ni saa ya mtu iko mezani, ina jasho lake kwenye mkanda, na mwenyewe amesema atakuja. Na alikuja. Wale watafiti wa Arusha nao baadaye walikuta jambo la namna hii: tabibu akitembelewa na daktari mwenzake kwa muda mfupi, akaelezwa jambo mahususi na kutiwa moyo, kazi yake ilipanda, bila fimbo. Nilipolisoma nilicheka peke yangu, maana niliwahi kulisomea kwenye kigoda.

Nawageukia wakubwa niliokaa nao mstari wa mbele. Ziara hizi mnaziita usimamizi shirikishi, na mafuta ya gari yake mnayapangia bajeti. Nawaomba kitu kimoja: katika vituo vitano vya siku hiyo, vitatu viacheni. Kaeni kwenye viwili, mwangalie mtoto mmoja akipimwa mwanzo hadi mwisho, mama mmoja akipokelewa leba. Choo kinaweza kukaguliwa na mwenyekiti wa kijiji, tena yeye ndiye anayekijua. Na mkiahidi kurudi, rudini. Mtumishi wa pembezoni anajua kuhesabu ahadi kuliko pumzi.

Nilikuwa nimeshafunga karatasi zangu, kijana mmoja wa nyuma, tabibu mpya, akanyoosha mkono. Swali lake lilikuwa bora kuliko hotuba yangu. "Mama, nikifika huko na asije mtu?"

Nilimjibu yaliyotokea. Yule mratibu alihamishwa baada ya mwaka. Aliyemfuata alirudia kusaini kitabu cha wageni. Saa ilirudi kwa mwenyewe. Nami nikaanza taratibu kurudi kwenye nusu dakika.

Kulikuwa na tabibu zahanati ya jirani, kilomita saba kwa baiskeli, mtu wa maneno machache. Tulikutana kwenye chanjo nikamweleza. Tukakubaliana kila mwezi mmoja wetu afunge mapema siku yenye watu wachache, amfuate mwenzake, akae chumbani na penseli na karatasi, asiseme neno mpaka wagonjwa waishe. Yeye ndiye aliyeanza kuja kwangu. Alikaa kwenye kile kigoda, akachora vijistari. Wagonjwa walipoisha akanisomea: "Dada, watoto tisa wenye kikohozi. Umehesabu wawili."

Nilinuna mpaka saa tisa alasiri. Ugali na mlenda nilimpa, maneno sikumpa. Akashukuru, akapanda baiskeli, akaenda.

Mwezi uliofuata ikawa zamu yangu kwenda kwake, na njia nzima nilikuwa nachonga penseli kichwani. Nilifika mapema makusudi. Nikamkuta mlangoni na dereva wa pikipiki aliyetoka mjini, anapokea kifurushi. Zilikuwa betri mpya, hata karatasi yake hajaichana.